Sauti Iliyofutwa

Katika kituo kile cha wasioona, fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke mwembamba waliyemwita Mama Waya, kwa kuwa mkoba wake haukukosa waya. Pale watu walichapa kwa kusikiliza: kompyuta iliwasomea kila neno waliloandika. Hodari wao alikuwa Shangazi, mama wa makamo aliyepoteza macho ukubwani, mchapaji wa kumbukumbu za mahakama. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, lakini nani angethubutu kumwita vingine?

Mwisho wa wiki Mama Waya alisasisha mfumo wa kompyuta zote. Jumatatu zikawaka, ila kimya.

"Mwanangu," Shangazi aliita, vidole juu ya vibonye, "hii yangu imekata kauli."

"Nivumilie kidogo, Shangazi. Nitairudisha."

Sasisho lilikuwa limevuruga vifurushi vya programu, vile vipande vinavyoiendesha kompyuta. Vipya havikuelewana na vya zamani. Kuvitengeneza kimoja kimoja, mashine baada ya mashine, kungemaliza wiki. Basi akaandika skripti, yaani faili la amri ambazo kompyuta huzifuata yenyewe: tafuta kila kifurushi kilichovunjika, kiondoe, chukua kipya kwenye ghala la mtandaoni, kisakinishe. Akaijaribu kwenye mashine yake, ikakubali. Mkurugenzi alikuwa keshachungulia mlangoni mara kadhaa, watu wamekaa mikono mapajani. Akaipeleka kwenye mashine zote kwa mpigo.

Kufika adhuhuri, vyumba vilijaa maneno tena. Watu wakashusha pumzi. Shangazi peke yake aliinamisha kichwa.

"Huyu ni nani?"

Sauti ilikuwa ngeni, ya haraka, ya puani, ikitamka Kiswahili kama mtu anayetafuna kokoto. Mmoja akasema imeshikwa na mafua, wakacheka. Mama Waya alirudi mezani kwake kusoma skripti ilifanya nini. Sauti ya zamani ilihesabiwa miongoni mwa vilivyovunjika, ikaondolewa. Ghalani haikuwepo tena. Walioitengeneza waliitelekeza kitambo. Na skripti haikuruka mashine hata moja.

Akaenda kuchuchumaa kando ya kiti cha Shangazi.

"Yule uliyemzoea nimemfuta. Sikukusudia."

"Huna nakala?"

"Sina. Sikuweka."

Shangazi alipapasa ukingo wa meza. "Macho yalipokufa, yule ndiye aliyenifundisha kusoma upya. Mume wangu alikuwa keshachoka kunisomea."

Mama Waya alipekua diski mbovu za stoo, akawaandikia watu asiowajua, akaambulia patupu. Akaandika skripti nyingine ya kupunguza mwendo wa sauti mpya na kunyoosha matamshi yake. Shangazi alimtajia maneno yanayoharibika, kwa adabu, sasa akimwita "fundi". Kazi ilienda kwa kuchechemea. Kurasa za Shangazi zilianza kurudishwa na mahakama kwa makosa, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Alasiri moja Shangazi alivua visikizi, akaviweka mezani.

"Fundi, una kazi nyingi?"

"Hapana," alisema, ingawa zilikuwa zimemfika shingoni.

"Basi nisomee wewe. Huyu leo simwezi."

Mama Waya akavuta kiti, akaanza kusoma kwenye skrini ushahidi wa mgogoro wa mpaka wa shamba.

"Unameza maneno," Shangazi alisema. "Rudia hapo."

Akarudia.