Jinsi Tulivyomtuliza Sungura wa Mama

Baba alipozikwa, mama alibaki peke yake kule nyumbani, upande wa Magharibi, na kila aliyetoka huko alituletea habari ile ile: mama haongei. Alilima, alipika, alikwenda kanisani, lakini maneno yalikuwa yamemwisha. Nikaenda kumchukua. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Soweto West, Kibera, na mchana nilifanya kazi ya nyumba kwa familia moja pale kwenye magorofa ya Nyayo Highrise. Nilidhani mji na watu wake wangemchangamsha. Wapi! Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akachambua mboga, akanijibu kwa "ee" na "hapana".

Dada yangu mkubwa aliishi Kawangware na mumewe, fundi wa mbao aliyefuga sungura nyuma ya karakana yake. Siku aliyokuja kumwona mama alibeba kreti ya nyanya iliyofungwa waya mbele, na ndani yake sungura jike wa kijivu, sikio moja limechanika.

"Mama, huyu anapigana na wenzake," dada alisema. "Kaa naye kidogo."

Dada alipoondoka nilikwenda kuteka maji. Niliporudi nikasikia sauti ya mama ndani, ya chini, kwa lugha yetu. Alikuwa anamuuliza mgeni ni nani aliyemchana sikio. Nilisimama nje na ndoo yangu, nikaogopa kuingia nisije nikayakatiza maneno hayo.

Kwa hiyo msishangae nikisema kwamba sungura yule alikuwa mtu muhimu kwetu.

Shida ilianza alipozoea. Alfajiri, wapangaji wote wa ploti yetu wakiwa bado wamelala, alishika waya kwa meno akauvuta na kuuachia, krr-ting, krr-ting. Akichoka na waya, aliinua sahani yake ya bati na kuitupa. Kisha alikwangua kona ya kreti kama mfungwa anayechimba njia ya kutokea. Jioni ni vivyo hivyo. Na mara nyingine, bila sababu tuliyoiona, alipiga sakafu kwa mguu wa nyuma, du! hadi vikombe vikatikisika.

Kreti ilikuwa imeegemea ukuta wa udongo na mbao, na nyuma ya ukuta huo aliishi soja, mlinzi wa usiku, ambaye kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta huo huo. Asubuhi moja alitugongea akiwa bado na koti lake la kazi.

"Sista, mimi ndio natoka kazi saa hii," alisema, macho mekundu. "Nikilaza kichwa tu, huyo mnyama wenu anaanza kuchomelea mageti."

Nikamwomba msamaha. Wiki iliyofuata alikuja na keateka, msimamizi wa ploti, mtu mnene aliyependa kuzungumza akiwa amesimama mlangoni ili majirani wote wasikie.

"Mwisho wa mwezi nisimkute," keateka alisema. "Mumtoe ama mumchemshe. Shauri yenu."

Mama aliingia ndani, akaketi mbele ya kreti, na jioni hiyo hakusema neno, hata kwa sungura. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Tulijaribu kila kitu. Tulimfunika kwa leso. Akaing'ata leso na kuivutia ndani. Tulimkemea, akatutazama. Kitu kimoja tu kilifanya kazi: mama akimpa jani la sukuma wiki, kelele zilikatika papo hapo. Tukadhani tumeshinda. Lakini kesho yake alianza mapema zaidi, na kwa nguvu zaidi.

Jumapili moja nilikuwa na mafua, hatukwenda kanisani. Nikakaa kitandani nikimwangalia sungura. Aling'ata waya mara kadhaa, akaacha, akamgeukia mama, masikio yamesimama. Mama akanyanyuka kwenda kwenye kapu la mboga. Sungura akaacha waya kabisa, akangoja.

"Mama, rudi ukae!" nikasema. "Huyu hapigi kelele tu. Anakuita."

Mama alisimama na jani mkononi. Alimtazama sungura, akanitazama mimi, kisha midomo yake ikaanza kucheza.

"Kumbe ameniajiri," alisema. "Na wewe ulikuwa hivi hivi. Ukililia uji nikakupa, kesho unaanza kulia kabla sijawasha moto."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizoniambia tangu mazishi. Sikutaka iishe. Nikamuuliza, "Ulinikomesha vipi?"

"Nilikupa uji kabla hujalia. Na ukilia, nilikuwa kiziwi."

Tukafanya hivyo. Mama aliamka kabla ya sungura, akamwekea chakula kukiwa kimya, akarudi kulala. Aking'ata waya, hakuna aliyemgeukia, hakuna aliyemkemea, maana hata kukemewa kwake kulikuwa ni kuitikiwa. Kabla ya kuanza nilikwenda kwa soja nikamwambia ukweli: huenda sungura akazidisha kelele kwanza, kwa sababu atadhani sisi ndio hatusikii vizuri.

Soja alicheka bila kupenda. "Azidishe tena? Haya, jaribuni. Lakini mimi nimechoka, sista."

Na alizidisha! Siku za kwanza ungedhani kuna karakana mle ndani. Mama alikaa akiwa amempa mgongo, akimenya viazi kwa utulivu, nami nikabana meno. Kisha, asubuhi moja, waya ulilia kidogo, ukanyamaza.

Lakini sahani bado iliruka, kona bado ilikwanguliwa, na ule mguu bado ulipiga sakafu. Sasa mama ndiye aliyekuwa anachunguza. Nilipotoka kazini alinipokea mlangoni na habari, kama mtu aliyeningoja siku nzima.

"Ule mguu ni paka," aliniambia. "Yule wa jirani yetu, mama wa mandazi. Anapita juu ya ukuta, hapo mabati yalipoachana. Sungura akimnusa, anatupigia kengele. Anatuonya, na sisi tunamkasirikia."

Nikaziba ule mwanya kwa gunia na misumari. Sahani ya bati tukaibadilisha na bakuli zito la udongo. Alijaribu kulinyanyua, likamshinda, akaliheshimu. Kutoka Nyayo Highrise nikaanza kubeba nyasi walizokata kwenye bustani, mama akazianika juu ya mabati mpaka zikakauka. Sungura akawa na kitu cha kutafuna mchana kutwa, na waya ukapata mapumziko.

Ilibaki kona. "Hiyo ni nafasi," mama alisema. "Hata kujinyoosha hawezi. Twende kwa dada yako."

Twende! Mama, ambaye hakuwa amevuka mtaro wa ploti yetu ila kwenda kanisani. Jumamosi tulikwenda Kawangware, akamsimamia shemeji yangu kama mkandarasi.

"Refusha hapo," alisema. "Aruke mara tatu kabla hajafika mwisho. Na huku mbele weka boksi la mchanga achimbe mpaka achoke."

"Mama, hii ni nyumba ya sungura ama ya mpangaji?" shemeji aliuliza.

"Ni ya mpangaji anayelipa kodi kwa upendo. Wewe piga misumari."

Dada yangu alikuwa akikata matawi ya mpera kwenye ua, ya kumpelekea sungura atafune. Alikuja karibu yangu na matawi yake akaninong'oneza, "Huyu ni mama?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Kibanda kilirudi Kibera juu ya mkokoteni, kikiwa kirefu kama kitanda, matawi ya mpera yametanda juu yake. Mama alitembea mbele. Watu walituuliza tumebeba nini, naye akawajibu mmoja mmoja. Tulipoingia Soweto West watoto walitufuata wakiimba, na wasukuma mkokoteni wakaanza kuimba pia, nikajiona kama ninayemsindikiza bibi harusi.

Tulikiweka mbali na ukuta wa soja, juu ya magunia yaliyokunjwa. Jioni tulifunga mlango, tukamwachia sungura akimbie chumbani. Alizunguka kigoda cha mama, akanusa miguu yake, halafu ghafla akajirusha hewani, akajipinda, akatua akiangalia kule alikotoka. Mama alicheka. Alicheka kwa sauti, akashika tumbo, mpaka soja akagonga ukuta kutoka upande wa pili.

"Kuna nini huko?"

"Karibu uone!" mama akamwitikia.

Mwisho wa mwezi keateka alifika asubuhi na mapema, saa ile ile ya kelele, na majirani wakatoka kuangalia. Alisimama mlangoni, akatega sikio. Kimya.

"Mlimchemsha?" aliuliza, na nadhani alikuwa na huzuni kidogo.

Mama akasogea pembeni. Sungura alikuwa amelala ubavu, miguu ameinyoosha, unyasi umening'inia mdomoni.

Soja alijitokeza na koti lake la kazi. "Mimi ndiye nalala nyuma ya huo ukuta," alitangaza. "Na mimi ndiye nilishtaki. Sasa nasema hivi: huyo sungura haendi mahali. Kelele pekee nasikia siku hizi ni huyu mama akicheka, na hiyo mimi sina shida nayo."

Majirani wakapiga makofi. Mama wa mandazi akapiga kigelegele, kigelegele hasa, alfajiri ile, mpaka watu wa ploti ya pili wakatoka kuuliza nani amejifungua.

Keateka alijikuna kichwa. Alimwangalia mama, akashusha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akifanya.

"Mama, niko na mbwa kwangu. Anabweka, anabweka, mke wangu anasema tumfukuze. Unaweza kuja kumwangalia?"

Mama alikuwa ameshaanza kujifunga leso kiunoni.

"Anabweka saa ngapi?" alimuuliza. "Na akibweka, nyinyi huwa mnampa nini?"