Mtoto Aliyefundishwa Kukumbatia Wageni

Wifi yangu anaitwa Mama Kimya, na jina hilo hakulipata kwa upole. Ukisimama barabarani, nje ya ukuta wa makao, utamsikia: "Kimya! Anayetafuna atafune, anayenyonya kidole anyonye, lakini kimya!" Watoto hucheka kwanza, kisha hunyamaza kweli. Ni dada wa mume wangu, kwa hiyo ruhusa ya kumsema ninayo, kama yeye alivyo na ruhusa ya kunisema mimi, na anaitumia vizuri. Aliolewa, akaachika kwa sababu hakuzaa, na tangu aliporudi kwao na sanduku lake amekuwa akilea watoto wa watu. Mtu akimhurumia eti maskini hana mtoto, anamwonyesha kamba za nguo uani na kumuuliza suruali zote zile ni za nani.

Makao ni ya kanisa. Upande mmoja wa ua ni bweni la wadogo, yatima na waliookotwa, na huko ndiko anakotawala wifi. Upande wa pili ni karakana: useremala kwa wavulana, na darasa langu la cherehani kwa wasichana waliotolewa mitaani, kwenye vilabu vya pombe, na kwenye nyumba walizotoroka. Kwangu wanafika wakiwa wakubwa, na ulimi mkali, na wengine hulala na mkasi chini ya mto mpaka wazoee. Nawapenda, ila wananichosha. Katikati ya pande hizo mbili kuna ukuta ulioandikwa kwa rangi ya buluu ile aya ya kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao.

Tunaishi kwa wageni, hilo hatulifichi. Siku za nyuma wageni walikuwa wakifika, watoto wanajificha nyuma ya matangi ya maji. Kundi moja lilinong'onezana kwamba watoto wa hapa hawana furaha, huenda wanapigwa, likaondoka na sabuni zake na mchele wake. Mchungaji alikosa usingizi. Ndipo Mama Kimya akaanzisha somo lake: lango likifunguka, acha unachofanya, kimbia, kumbatia, sema "Karibu baba" au "Karibu mama", na tabasamu usisahau nyumbani. Alilifundisha kwa bidii. Alitoka nje na mkoba, akagonga, akaingia akijifanya mgeni mwenye maringo, na asiyemkimbilia alirudia mpaka ajue. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli tulipona. Magodoro yalikuja, mchele ulikuja, hata mabati ya jiko yalikuja. Wasichana wangu walikuwa wakichungulia dirishani na kusonya.

Bingwa wa somo hilo alikuwa Kijiko. Muuguzi ndiye aliyemleta akiwa mchanga, mama yake amefia wodini na hakuna aliyekuja kuulizia mtoto wala maiti. Alikuwa mdogo kiasi kwamba Mama Kimya alimnywesha maziwa kwa kijiko cha chai, tone kwa tone, na jina likamganda. Alilala chumbani kwa wifi. Tulipomwambia amhamishie bwenini na wenzake, alisema kesho, na kesho hiyo ilivuka miaka. Wakati wa mambo haya Kijiko alikuwa darasa la pili, pengo mbele, mbio kama mtu aliyetumwa chumvi na chungu kiko motoni.

Basi akatokea mjomba.

Sitamsingizia. Alikuwa mjomba wake kweli, kaka wa marehemu mama yake, na pua ile ile iliyokaa vibaya usoni mwa Kijiko ilikaa vibaya usoni mwake. Alikuja na afisa ustawi wa jamii, dada mmoja kijana, mpole, mwenye viatu vilivyochakaa kwa kutembea. Dada huyo alitueleza kwamba siku hizi mtoto mwenye ndugu hatakiwi kukaa kwenye makao, anatakiwa kwa ndugu. Mimi nakubali, mtoto ni wa ukoo. Lakini nilikuwa nimepeleka pazia ofisini, nikamsikia mjomba akiuliza maswali yake. Aliuliza kama mtoto ana nguvu. Aliuliza kama anaumwaumwa. Aliuliza kama anaweza kubeba maji, na kama amezoea watoto wachanga, maana mke wake amejifungua mapacha na ana genge la kuuza mboga sokoni. Shule hakuitaja, wala hakuuliza mtoto anapenda nini. Nilitundika pazia lile upandeupande kwa hasira.

"Atamsaidia mke wangu kidogo kidogo," alisema. "Si unajua nyumba yenye wachanga."

"Najua," alijibu Mama Kimya. "Na Kijiko mwenyewe ni mchanga."

Dada wa ustawi alisema hataki kulazimisha jambo. Angeangalia kwanza kama mtoto anamkubali mjomba wake. Mjomba atoke nje, kisha aingie kama kawaida, tuone. Aliyasema kwa nia njema kabisa, na ndiyo maana mpaka leo nashindwa kumchukia vizuri.

Mjomba akatoka. Lango likafunguka.

Kijiko alikuwa anaruka kamba. Aliiacha kamba hewani, akakatiza ua mzima, akamrukia yule bwana kiunoni, akabana shavu lake kwenye mkanda wake. "Karibu baba!" Na tabasamu, pengo lote nje.

Dada wa ustawi alitoa leso. "Damu nzito kuliko maji," alisema.

Nilimtazama wifi yangu. "Mwanangu," alimwambia yule dada, "mtoto huyu nimemfundisha hivyo mimi. Anamkumbatia kila mtu. Hata muuza mkaa anamkumbatia!"

"Naelewa mama."

"Hujaelewa. Subiri." Akamwita bwana anayetuletea maji kwa mkokoteni, aliyekuwa anashusha madumu jikoni, akamwomba atoke nje ya lango na kuingia tena. Yule bwana alishangaa, lakini nani anabishana na Mama Kimya? Alitoka, akaingia. Kijiko akamwachia mjomba, akakimbia, akamkumbatia muuza maji na jasho lake. "Karibu baba!"

Dada wa ustawi akacheka huku akifuta machozi. "Kumbe ana upendo mwingi hivi! Mama, umefanya kazi nzuri. Mtoto wa namna hii popote utakapompeleka atakaa na watu vizuri."

Hapo ndipo nilipoona kwamba mlango umefungwa. Kila alichosema wifi kilimgeukia. Aliposema mjomba hakuulizia shule, waliona ni wivu. Aliposema nyumba ile haina wa kumtazama mtoto ila mtoto ndiye atakayewatazama wengine, waliona ni kiburi cha mtu anayedhani ni yeye tu ajuaye kulea. Alipolia, ndiyo kabisa. Watu husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kwa kuwa yeye hakuzaa, wakaona uchungu wake ni wa kuazima, utapita.

Tulikwenda kwa mchungaji, mimi na yeye. Mchungaji ni mtu mwema, nguo zake hushonwa kwangu na najua amezigeuza kola mara ngapi. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akainamisha kichwa.

"Mama, tukimkatalia ndugu mwenye haki yake, watasema tunawashikilia watoto ili tupate misaada. Watayafunga makao. Na hawa wengine waende wapi?"

"Kwa hiyo tunamtoa mmoja?" nikauliza mimi.

"Simtoi mtu, mwanangu. Sina la kufanya. Tuombe."

Mimi naamini maombi, Mungu ni shahidi wangu, lakini siku hiyo nilitamani kumrushia mtu kiatu. Mchungaji aliomba vizuri, kwa machozi. Ilipofika zamu ya Mama Kimya, ambaye akishika sala hata mtoto aliyesinzia huamka akakuta bado anaendelea, alisema, "Bwana, unamwona," akaishia hapo. Tukangoja.

Habari hufika karakana kabla ya miguu. Nilipoingia darasani cherehani zote zilikuwa zimesimama. Kati ya wasichana wangu yuko mmoja tunamwita Wembe, na nadhani sababu haihitaji kuelezwa. Aliniuliza, "Fundi, ni kweli Kijiko anachukuliwa na mjomba?"

"Ni kweli."

"Mimi nilichukuliwa na shangazi," alisema. "Nilikuwa naimba njia nzima."

Sote tulijua alikotokea: alilala chini ya meza za soko mpaka watu wa kanisa walipomleta kwangu, na jinsi alivyofika huko sokoni hatujawahi kumuuliza. Aliinuka akachagua kitambaa mwenyewe, kile cha maua nilichokuwa nimekificha kwa ajili ya pazia la madhabahu, nami sikumzuia. Walimshonea Kijiko gauni. Wembe aliacha pindo refu mno chini, nikamwambia limezidi. "Atarefuka, fundi. Huko nani atamshonea lingine?" Kisha akatia mfuko kwa ndani, usioonekana, ubavuni. Nikauliza wa nini. Akasema mtoto akiwa kwa watu anahitaji pahali pa kuweka kitu chake.

Zile siku zilizobaki Mama Kimya alizitumia kwa kazi ambayo sikuwahi kuona mtu akiifanya. Alijaribu kulifuta somo lake. Niliwakuta kwenye chumba cha kufulia, wamejifungia, wifi amesimama mlangoni kama mgeni.

"Mimi ni mwanamume usiyemjua. Nakuita. Unafanya nini?"

Kijiko alikuja mbio akamkumbatia.

"Hapana! Unasimama. Unasema, 'Sitaki.' Haya, rudi. Nakuita tena. Njoo mwanangu nikupe peremende."

Kijiko alisimama kidogo, akajipinda kwa aibu, halafu miguu ikamshinda, akaja. Wifi alimshika mabega. "Piga kelele, Kijiko. Nikukamate mkono hivi, piga kelele mpaka watu wa barabarani wasikie."

Mtoto alifumbua mdomo. Akafunga. Akaweka kidole midomoni na kucheka chini chini, akidhani anategwa. "Mama, si ulisema kimya?"

"Leo nasema piga kelele."

"Aa," alisema Kijiko kwa sauti ndogo sana. "Aaa."

"Zaidi."

"Utanichapa."

"Sitakuchapa, mama yangu. Nakuomba."

Akajaribu tena, na ikatoka ile sauti ya mtoto anayeigiza paka. Wifi alikaa chini juu ya beseni lililopinduliwa, akamvuta kifuani. Nilirudi darasani kwangu nikashona mikono ya koti la mtu upande usio wake. Sijawahi kumwona mtu mzima ameshindwa namna ile na kazi ndogo namna ile.

Mjomba alikuja asubuhi, amenyoa, amevaa shati safi. Alileta mkate mkubwa kwa ajili ya watoto, na sijui kwa nini mkate ule uliniuma kuliko kitu kingine. Huenda ni mtu mzuri tu aliyezidiwa. Huenda mke wake atampenda mtoto. Nimejiambia hayo mara nyingi, hasa nikiwa napiga pasi, na kuna siku nayaamini mpaka shati linapoisha.

Kijiko alifurahi. Tusidanganyane, alifurahi sana. Alikuwa na gauni jipya, anapanda gari, na wenzake wote wanamtazama kwa kijicho. Alimkimbilia mjomba, akamkumbatia, akasema maneno yake. Dada wa ustawi alimwahidi Mama Kimya kwamba atakuwa akipita kumtazama mtoto, na akaongeza kwa ukweli wake kwamba eneo lake ni kubwa na yuko peke yake. Wembe alisimama mlangoni mwa karakana, mikono imefungwa kifuani, hakupunga. Gari lilipowaka, Kijiko alitoa kichwa dirishani.

"Mama, nikirudi nitakukuta wapi?"

"Hapa hapa," alisema wifi.

"Jikoni au bwenini?"

"Popote utakapoingilia."

Gari likaenda. Watoto waligawana mkate. Mama Kimya hakuwaambia wanyamaze, ingawa walikuwa wanapiga kelele za kutosha kuamsha mtaa, wakigombania kipande cha mwisho. Alivuka ua, akaingia darasani kwangu, jambo ambalo hulifanya mara chache kwa sababu anasema vumbi la vitambaa linampalia. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa kitupu, akapitisha kiganja juu ya cherehani kama anayekagua kama ina mafuta. Wasichana walishusha sauti zao.

"Wifi," aliniita. "Hapa kwako mnapokea msichana kuanzia umri gani?"

"Miaka kumi na minne," nilisema. "Chini ya hapo mchungaji hakubali."

Alikunja vidole kimoja kimoja, midomo ikitembea bila sauti. Wembe alikuwa amesimamisha gurudumu la mashine yake kwa mkono, anamwangalia. Wifi alipomaliza kuhesabu miaka, aliniambia nimwekee Kijiko nafasi.