Chaga ya Tatu Niliyoiacha Ilie

Siku yangu ya kwanza kazini nilifokewa kwa ajili ya msumari mmoja. Nilikuwa nimetoka Bunyore kwa gari la moshi wiki hiyo hiyo, na nilikuwa na haraka ya kuonekana hodari. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya River Road, chumba kirefu kilichojaa vumbi la mbao. Nilipewa kitanda kilicholegea, nami bila kuuliza nikashika nyundo na kugongelea msumari wa inchi tatu kwenye kiungo. Mwenye karakana, Kalasinga, Mhindi wa kilemba na ndevu nyeupe, ambaye sote tulimwita Mistri, aliacha chai yake akaja mbio.

"Nani nafundisha wewe hii? Leo msumari nashika, kesho napasua mbao. Toa!"

Nikautoa. Mbao ilikuwa imeshapasuka. Nilidhani nitarudishwa nyumbani kabla hata sijajua njia ya kwenda sokoni, lakini Mistri alinisukuma kwa Nyapara, mzee wa Mombasa aliyesimamia mafundi, akamwambia anifundishe kuanzia mwanzo.

Nyapara alianza na majina. Miguu ya kitanda ni matendegu. Mbao mbili ndefu za ubavuni ni mifumbati. Zile fupi za kichwani na miguuni ni vitakizo. Vipande vinavyolazwa kukingama ili kubeba godoro ni chaga. Kila nilipokosea jina alinirudisha mwanzo, na mimi ni mtu nisiyeweza kusimama mahali pamoja, kwa hiyo niliteseka. Siku ya tatu nilimwuliza tutaanza kazi lini. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kijana, una siafu miguuni? Hii ndiyo kazi yenyewe."

Ninyi mnaonunua vitanda vya chuma hamjui tabu hii, basi nitawaeleza. Kitanda cha mbao hakilii kwa uzee. Kinalia kwa sababu vitu viwili vinasuguana. Mbao ikikatwa mbichi hukaukia ndani ya nyumba. Ule ulimi uliochongwa kwenye mfumbati ili uingie katika tundu la tendegu hunywea, na tundu linakuwa kubwa kuliko ulimi. Mtu akijigeuza, ulimi unacheza, na hapo ndipo mlio unapotoka. Kiungo cha namna hiyo unakifungua, unakwangua gundi ya zamani, unatia gundi ya moto, kisha unakaza ulimi kwa kabari nyembamba ya mbao kavu. Kama ni bolti, kaza kwa spana na uweke kipande cha ngozi chini yake. Kama ni chaga zinazosugua mahali zilipolala, paka nta ya mshumaa au sabuni kavu, na utandike ukanda wa blanketi kuukuu. Na kabla ya yote hayo, tazama sakafu. Nimeona fundi akivunja kitanda kizima, kumbe tendegu moja lilikuwa haligusi chini.

Usipake mafuta. Mafuta yananyamazisha kwa wiki moja, halafu vumbi linanata na kelele inarudi na hasira.

Baada ya mwaka hivi Mistri alinipa baiskeli na sanduku la vifaa, akanituma kwenye nyumba za Westlands na Spring Valley. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu ilikuwa ya mwendo. Ilikuwa pia kazi ya wasiwasi. Miaka ile ya hali ya hatari, askari walikuwa wakinisimamisha njiani, wanamwaga patasi na randa zangu kwenye nyasi, wanasoma kipande changu, kile cheti cha mkoloni, juu chini, halafu wananiambia niokote niende. Nilifika kwa wateja, nikaanza kukaza bolti za watu ili walale vizuri. Nilikuwa na uchungu, sitaficha.

Mistri alikuwa na sheria moja: kitanda kilichopita mikononi mwetu kisisikike tena. Kikirudi kulia, aibu ni yake na adhabu ni yako.

Basi nikatumwa kwa Memsahib mmoja wa Spring Valley. Mama yake mzazi alikuwa amepooza, amepoteza sauti, analala chumba kilichopakana na jiko. Kitanda chake kilikuwa cha mvule, kizuri, lakini kililia kila alipojisogeza.

"Kitanda hii napiga kelele mingi sana," Memsahib aliniambia. "Wageni nasikia. Mimi nataka nyamaza kabisa."

Yule bibi alihamishiwa kitini kwa muda, nami nikafanya kazi. Nilitia kabari kila kiungo, nikapaka nta kila chaga, nikatandika blanketi. Nilikilalia mwenyewe nikajigeuza kama samaki. Kimya. Yaya aliyemtunza bibi, mwanamke wa kwetu aitwaye Eseri, alisimama mlangoni akinitazama. Nilidhani anastaajabia ufundi wangu. Nikaondoka nikipiga mluzi.

Siku nne baadaye nilikuwa narudi kutoka nyumba nyingine ya jirani nikamkuta Eseri nje ya lango, macho mekundu.

"Ndugu yangu, umenimaliza," aliniambia.

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Mimi nikiwa jikoni napiga pasi, nilikuwa nasikia kitanda. Ikilia mara moja, Bibi anataka kugeuzwa. Ikilia-lia, anataka maji ama amejichafua. Sasa haisemi kitu. Jana asubuhi Memsahib amempata amelala kwa mkojo, analia machozi tu. Ameniambia mimi ni mvivu. Jumamosi naenda."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ningesema nini, na Memsahib ndiye amekuita? Nikitoka hapa nina watoto wawili kwa kile chumba cha nyuma. Nitawapeleka wapi?"

Nilijisikia vibaya kuliko siku ya ule msumari. Kazi niliyoionea fahari ilikuwa imemziba mgonjwa mdomo na kumtupa mama wa watu barabarani. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilizunguka na baiskeli pale langoni, nikaenda mpaka kona, nikarudi. Nikikirudishia kitanda mlio, ninavunja sheria ya Mistri. Nisiporudisha, Eseri anaondoka. Mwishowe nikabisha hodi.

"Memsahib, kosa si la yaya. Ni kazi yangu. Nipe nafasi nikuonyeshe."

Alikunja uso, lakini alinipisha. Nikamwomba Eseri amhamishie bibi kitini, kisha aende jikoni na afunge mlango. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kukiliza kitanda ni kugumu kuliko kukinyamazisha. Nilitoa blanketi chini ya chaga ya tatu, ile iliyo usawa wa mabega. Nikafuta nta kwa mafuta ya taa. Hakuna kitu. Nikasubiri ikauke, nikairanda ncha kidogo ipate kucheza. Ikatoa mkoromo tu. Jasho lilinitoka. Nje kulikuwa na msonobari, nikaenda kukwangua utomvu uliokauka, nikausaga na kuupaka pale chaga inapolala. Mimi na Memsahib tukamrudisha bibi kitandani, akajisogeza.

Kikalia.

Mlango wa jiko ulifunguka na Eseri akaingia na kikombe cha maji, hata hajaitwa. Bibi alimtazama, midomo ikamcheza. Akajisogeza tena, makusudi, kitanda kikalia tena. Memsahib akasema, "Basi. Wacha hiyo." Jumamosi Eseri hakwenda popote.

Mistri nilimwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwingine. Alininyang'anya baiskeli, akanirudisha kwenye sufuria ya gundi kwa miezi mingi, na kwangu kukaa mahali pamoja kulikuwa kifungo. Hakuwahi kuniambia nilifanya vyema. Lakini siku aliyonirudishia baiskeli aliishika usukani kwanza.

"Kitanda nafika, uliza kwanza nani nalala. Halafu uliza nani nasikia."

Niliuliza maswali hayo mawili kwa kila kitanda mpaka nilipostaafu.

Sasa naishi Mutuini, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe. Mwaka jana nilivunjika nyonga, na mtu wa siafu miguuni amelazwa kitandani, kitanda nilichokichonga kwa mkono wangu. Majuzi mwanangu alikuja na mshumaa na spana. "Mzee, hii kitu yako inapiga kelele mpaka kwa plot ya jirani. Fundi mzima! Wacha niitengeneze." Nikamwambia akaze bolti zote akipenda, lakini chaga ya tatu asiiguse.

Mke wangu sasa hasikii vizuri, lakini huo mlio anausikia. Nikijigeuza, jikoni sufuria inawekwa chini, na sauti yake inakuja: "Naja, baba. Ni maji ama ni kugeuka?"

Mara nyingine sihitaji chochote. Najigeuza tu.