Mlango wa Mninga

Fundi seremala huyu walimwita Milimita, maana hata sukari ya chai aliipima kwa kufumba jicho moja. Miaka sita alipanga chumba, yeye, mkewe na watoto wawili, kwa Mzee Funguo, mwenye nyumba aliyetembea na rundo la funguo kiunoni, zikimtangaza kabla hajakata kona.

Siku ya kuingia alikuta mlango umeliwa na mchwa, kidole kinapita upande wa pili. Mwingine angelalamika. Milimita akaona aibu: seremala mzima alalamikie mlango? Kwenye karatasi ya makabidhiano, palipoandikwa "mlango mmoja, mzima", akatia sahihi yenye mikia miwili, moyoni akijisemea kwamba huo uzima atauleta mwenyewe. Hata sisi tulioishia darasa la sita tungeuliza kwanza, lakini nani anatusikiliza?

Akautengeneza kweli. Mninga mtupu, mbao zimechomekwa zikashikana bila msumari hata mmoja, msasa siku tatu, mpaka nzi akitua anateleza. Ule wa zamani ukawa kuni za maji ya kuoga.

Mwaka huu mama yake mzazi akavunjika nyonga, akawa analala kwenye kochi la sebuleni kwa mkwe wake mwingine, mke wa mdogo wake Milimita, mwanamke anayehesabu hata vikombe vya maji. Milimita akapata nyumba ya vyumba viwili, ya chini, isiyo na ngazi. Akatoa taarifa ya kuhama. Mwenye nyumba mpya akampa mpaka Jumamosi alete amana, na pesa yenyewe ilikuwa kwa Mzee Funguo: amana ya kodi ya miezi mitatu aliyoiweka siku ya kuingia.

Alhamisi mzee akaja kukagua, miwani puani, karatasi mkononi.

"Madirisha mawili, yapo. Kitasa, kipo. Mlango..." Akaugonga kama anayechagua tikiti maji. "Huu si wangu."

"Ndiyo mzee, huu ni bora zaidi."

"Sijakuuliza ubora, kijana wangu. Nilikukabidhi mlango mzima. Sahihi yako hii hapa, ina mikia kama panya wawili. Mlango wangu uko wapi?"

"Mzee, si ulikuwa umeoza!"

"Umeoza, na wewe fundi ukasaini mzima? Basi ulinidanganya mimi, au unawadanganya wateja wako."

Milimita akaushika mlango. "Haya, nauchukua huu wangu."

"Ung'oe kitu kwenye ukuta wangu? Uguse uone kama hujalala polisi. Amana inabaki, itanunua mlango."

Mkewe, aliyekuwa anakunja mashuka, akadakia: "Mlango gani tena, mzee, na huu umesimama hapo?"

"Mwambie mumeo akusomee karatasi, mama."

Ijumaa Milimita akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akaisoma karatasi mara mbili, akamrudishia taratibu. "Ndugu yangu, hapa umejifunga mwenyewe."

Jumamosi, saa nane mchana, vyumba viwili vikachukuliwa na mwalimu mmoja. Milimita akahamishia vyombo kwenye chumba kimoja, ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na mbili. Alizihesabu, angeachaje?

Wiki iliyofuata akapita kwa Mzee Funguo, eti njia ya kwenda kazini. Getini kulikuwa na tangazo: chumba kizuri, mlango wa mninga. Kodi imepanda. Na mlango wenyewe, kusema haki, ulikuwa unang'aa. Akasimama akiutazama mpaka mlinzi akamuuliza kama anataka kupanga.

Jioni mama akapiga simu.

"Mwanangu, ile nyumba vipi?"

Milimita akakaa kwenye ngazi. "Bado kidogo, mama. Namalizia mlango."

Mama akacheka kwa furaha, cheko ambalo hakulitoa tangu avunjike.

"Usiharakishe, baba. Utengeneze mzuri, watu waione kazi yako."