Mchora Vibao na Hoteli ya Mama Mkwe

Saa moja asubuhi, Joram Shitanda yuko juu ya ngazi mbele ya hoteli moja ya mtaa wa Nyalenda, karibu na ziwa. Brashi iko mkononi, lakini uso ameuelekeza barabarani kama mtu anayengoja kupigwa picha. Hathubutu kutazama ndani. Ndani, nyuma ya pazia la jikoni, yuko Mama Nasambu, ambaye akipenda atakuwa mama mkwe wake.

Tangu Joram ajitambulishe kama mchumba wa Nelima, bintiye anayepika chapati hapo hotelini, desturi za kwao hazimruhusu kutazamana na mama wa msichana wala kusemezana naye. Waliotunga desturi hiyo hawakufikiria kwamba siku moja mkwe atakuwa mchora vibao, na mama mkwe atahitaji kibao.

Jumamosi hii wazee wanakutana kuzungumzia mahari. Mzee Waliaula, babake Nelima, alikubali tangu Pasaka. Hilo halijamsaidia mtu. Nyalenda nzima inajua kwamba uamuzi hutoka jikoni, na jikoni bado kumenyamaza.

Joram alianza kazi hii mwaka 1986. Leo, mwaka 1993, ni vigumu kununua nyama sokoni Kibuye bila kupita chini ya mwandiko wake. Anasema neno linaloagizwa kuliko yote ni la Kiingereza, "New", yaani mpya, na kila mteja ana sababu yake.

"Mmoja amenunua duka, mwingine amepaka chokaa tu," anasema. "Kuna kinyozi wa Kaloleni alimkata mteja sikio. Wiki iliyofuata akaja, niandikie New."

Kwa hiyo Joram huuliza sababu kabla ya kuchovya brashi. Biashara ikipata mwenye mpya, neno hupata rangi nyekundu na kulizidi jina kwa ukubwa. Chokaa hupewa herufi ndogo pembeni. Kinyozi alipewa kubwa mno, ili jina lake lisionekane.

Mama Nasambu naye ameagiza "New", ingawa hoteli yake haijabadilisha hata kijiko tangu ifunguliwe. Lazima Joram aulize, na hawezi kuuliza. Kazi hiyo inamwangukia Oduor, muuza samaki anayekunywa chai karibu na mlango, naye anaipokea kwa uzito wa balozi.

"Mama, mkwe anauliza, hii New ni ya nini?"

Joram anasema moyo wake ulishuka ngazi kabla yake. Ukimuudhi mama mkwe wiki ya mahari, unaweza kungoja mpaka mavuno yapite.

Kisha sauti inatoka jikoni, bila haraka.

"Mwambie anayepika chapati hapa anaolewa. Kuanzia mwezi wa nane nitapika mwenyewe. Wateja wajue mapema."

Oduor anafungua mdomo apeleke ujumbe, lakini ngazi tayari inayumba na rangi nyekundu inamwagikia kizingiti. Wateja wanapiga meza. Nyuma ya pazia Nelima anacheka mpaka anakohoa.

"Yawa, jamani, hata sijamwambia," analalamika Oduor.

Kufikia adhuhuri neno "New" limejaza ubao, na jina la hoteli limebanwa pembeni kama abiria asiye na tiketi. Joram alipokwisha kukata kona ya barabara na ngazi yake, Mama Nasambu alitoka, akakitazama kibao, akasema hata aliye ziwani atakisoma. Hakuomba kirekebishwe.

Joram anapanga kukodi karakana Kibuye, Nelima apikie chapati mlangoni, wateja wale huku rangi ikikauka. Baada ya harusi, desturi itamruhusu pia kukaribishwa chakula na mama mkwe. Anaingoja siku hiyo kwa hamu. Oduor, ambaye amewahi kuonja chapati za mama mwenyewe, amemshauri asiwe na haraka.