Simu Isiyo na Kisahani

Simu zote za ofisi yetu ya pamba pale Shinyanga nilizifunga mimi, kwa mikono yangu na kwa stashahada niliyoipata Ulaya. Nalisema hili mapema, maana mwenzangu wa stoo, tuliyetoka naye kijiji kimoja, alipenda watu wasahau. Yeye aliishia darasa la nane. Mimi nilikula baridi ya ugenini, nikarudi na suti na ujuzi wa mitambo ya simu.

Simu zenyewe zilikuwa za aina mbili. Za wakubwa zilikuwa na kile kisahani chenye matundu ya namba, unatia kidole na kuzungusha. Kwenye simu za wengine, mahali pa kisahani palizibwa kwa bamba jeusi, laini, lisilo na kitu. Ukiinua mkono wa simu unampata opereta, mama mmoja aliyeketi chumba cha mwisho, naye ndiye anayekuunganisha na nje akiridhika na shida yako. Meneja alinieleza, "Asiyeruhusiwa kupiga, asione hata pa kupigia. Akiona namba, kidole kitamuwasha."

Niliona ni busara kubwa, mpaka aliponionyesha simu ya mezani kwangu. Sikuwa nimethibitishwa kazini, kwa hiyo bamba. Mwenzangu wa stoo, kwa kuwa kila siku alizungumza na stesheni habari za mabehewa, kisahani. Nikamfungia mwenyewe, nikakaza kila skrubu, roho inaniuma.

Meza zetu zilitazamana. Alikuwa akizungusha taratibu ili nisikie kisahani kikirudi, krrrr.

"Msomi," ananiambia, "ukiwa na shida ya kupiga sema tu, nikuzungushie."

Kwa elimu yangu nilijua kupiga namba bila kisahani, kwa kugongagonga kile kitako unachowekea mkono wa simu. Lakini nani angeniona? Wala sikuwa na shida ya kumpigia mtu. Nilitaka kuonekana nikizungusha.

Kisha akaja baba kutoka kijijini, kavaa koti lake la kanisani. Alikuwa ameutangazia mnada mzima wa ng'ombe kwamba mwanawe ndiye mwenye simu za Shinyanga. Makarani wakampa kiti mbele ya meza yangu.

"Ng'wanawane," alisema, "mwanangu, niitie mdogo wangu wa stesheni nimsikie."

Halafu akaitazama simu yangu, akaitazama ya jirani.

"Mbona yako haina macho?"

Mwenzangu alikwisha simama. "Shikamoo baba! Njoo huku nikupigie sasa hivi. Ya mwanao imefunikwa."

"Marahaba," baba akasema, asiondoke kitini.

Nikainua mkono wa simu. Kila siku nilianza kwa kumwamkia yule mama; siku hiyo niliiruka salamu makusudi. "Nipatie stesheni."

"Hata shikamoo leo hakuna?" akanong'ona sikioni mwangu, lakini akaniunganisha. Baba mdogo alipopatikana nikampa baba. Alipaza sauti mpaka ukumbi wote ukajua habari za mvua na za dume lake lililovunjika mguu. Alipomaliza akamgeukia mwenzangu.

"Wewe unazungusha kwa kidole chako mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba. Kila siku."

"Pole. Mtemi wetu wa zamani hakuita mtu kwa mdomo wake, alikuwa na wa kumwitia. Huyu wangu kasema neno moja tu, mtu huko ndani akahangaika."

Makarani wakaangua kicheko. Mwenzangu akakaa, nami nikamwona akilitazama bamba langu kama nilivyokuwa nikikitazama kisahani chake. Sikumsahihisha baba. Kwa nini nimsahihishe? Nilinyoosha tai.

Tulipoinuka kwenda kula, baba akapita kando ya meza ile, akasimama.

"Na hiki kinafanyaje?"

Akatia kidole tunduni, akazungusha, akaachia. Krrrr. Akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu nirudi, hata siku nilipomfungulia vyeti vyangu. Akarudia. Mwenzangu akamsogezea kiti.

Nilimngoja mlangoni na suti yangu ya Ulaya.

"Baba, chakula kinapoa."

"Tangulia," akasema, akitafuta tundu jingine.