Kidomo cha Baba Mdogo

Baba mdogo alikuja kwa bodaboda kutoka Ilongero kunisikiliza nikipiga jazi hotelini mjini. Yeye ndiye aliyenifundisha saksafoni, akanipa na kidomo chake cha kupulizia. Lakini kile kinabana sauti kama mtu mwenye mafua. Nilishanunua kingine, cheusi vilevile, chenye uwazi mpana, na sikuwa na moyo wa kumwambia.

Niliposhuka jukwaani nikampa shikamoo.

“Marahaba,” akasema, akaipokea saksafoni na kugusa kidomo. “Hiki ni kile changu?”

“Ndiyo, baba,” nikajibu kabla hajamaliza, kama tunavyowajibu wakubwa.

Siku hizi haoni vizuri. Akapapasa kidomo kwa kidole gumba, akitafuta alama za meno yake. Akapapasa tena.

“Umekitunza,” akasema, akanirudishia saksafoni.